Siri Iliyo Chini ya Kwato

Racecourse Road, mashariki kidogo ya katikati ya Nairobi, haina farasi. Ina matatu zinazogombania abiria, ina mikokoteni, ina akina mama wa mahindi ya kuchoma. Farasi walihama zamani. Mbio zilizokuwa zikifanyika upande huo, karibu na Kariokor, zilihamishiwa Ngong Road mwaka 1954, na mji ukabaki na jina tu, kama chapa kwenye ngozi ya ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa.

Lakini farasi wamerudi mjini kwa mlango mwingine. Siku moja, hatua chache kutoka barabara hiyo, nilipanda ngazi za duka la kubeti nikiyakimbia manyunyu. Ndani kulikuwa na viti vya plastiki, vijana kama ishirini, na skrini nne ukutani. Moja ilionyesha kandanda ya nchi ambayo sikuitambua. Ya pili mbwa. Ya tatu farasi sita waliochorwa na kompyuta, wakikimbia juu ya nyasi za kijani kibichi ambazo hazikuinama hata kidogo zilipokanyagwa. Mbio zilikwisha upesi, na kabla watu hawajamaliza kulaani, nyingine zikatangazwa. Kijana aliyeketi kando yangu alikuwa ameweka shilingi hamsini kwa nambari nne. Nikamuuliza, kwa mazoea yangu ya Ngong, "Uwanja ukoje leo? Umekauka au umelowa?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya mwezi. "Mzee, hii ni kompyuta. Hakuna uwanja."

Sikuwa na la kumjibu. Kwa watu wa farasi swali la uwanja hutangulia hata jina la farasi mwenyewe. Watu wamekosana kwa ajili yake, wametajirika kwalo, na katika miaka thelathini na kitu iliyopita wametumia mamilioni ya dola kujaribu kulifuta, kwa kutandaza viwanja vya mchanga uliopakwa nta ambao haubadiliki mvua ikinyesha. Nataka kuvitazama viwanja hivyo, na jinsi mila mbalimbali za mbio na za dau zilivyovipokea, kwa sababu naona kijana yule wa Racecourse Road amefika mwisho wa safari ambayo wenzake wa Kentucky waliikataa katikati.

Jumapili iliyofuata nilichukua matatu ya 111. Ukipita Junction na Dagoretti Corner, kabla hujafika Lenana School, unashuka steji ya Racecourse na mara unaona ukuta, miti, na nyuma yake msitu wa Ngong Road. Uwanja huu uko chini ya Jockey Club of Kenya. Njia ya mbio ni ya nyasi, na katikati yake watu hucheza gofu. Huko nyuma mbio zilikuwa pia Nakuru na Eldoret. Leo mwenye hamu ya kuona farasi wa mbio nchini ataelekezwa hapa. Beryl Markham, rubani na mkufunzi wa farasi aliyeandika *West with the Night* (1942), aliishi miaka yake ya mwisho katika nyumba ndogo ndani ya uwanja huu, na akafariki Nairobi mwaka 1986. Katika kitabu hicho sura moja nzima inamhusu farasi jike mwenye kano mbovu za miguu aliyeingizwa kwenye mbio za St Leger za Nairobi, na anayeisoma kwa makini ataona kwamba hofu ya mwandishi tangu mwanzo hadi mwisho ni moja: miguu hii, juu ya ardhi hii, itafika?

Kabla ya mbio za kwanza nilimkuta saisi mmoja, mtu mzima mwenye kofia ya sufu, akimtembeza farasi mwekundu. Nikamwamkia, nikamuuliza habari ya uwanja. Hakujibu kwa mdomo. Alikanyaga nyasi kwa kisigino, akazungusha mguu kama anayezima sigara, kisha akainama kutazama shimo alilolifanya. Maji yalikuwa yanachomoza taratibu kwenye kingo zake.

"Juu pamekauka, chini pana maji," akasema. "Imenyesha huku usiku. Huyu wangu hapendi. Yeye anataka pagumu, apige."

Mimi nililala mjini, na mjini halikudondoka tone. Mtu yeyote wa Nairobi anaijua tabia hiyo ya mvua yetu: Karen, jirani na uwanja, inalowa chepechepe, Kenyatta Avenue vumbi. Aliyekuwa amepanga beti zake Jumamosi akiwa mjini alizipanga kwa uwanja ambao haukuwepo tena Jumapili. Saisi alikuwa na habari yenye thamani ya pesa, na aliipata kwa kisigino.

Waingereza walioleta mbio hizi mwanzoni mwa karne ya 20 walikuja na msamiati mzima wa ardhi. Kwao uwanja una madaraja: mgumu, imara, mzuri, laini, mzito, na kati ya daraja na daraja kuna nusu yake. Msimamizi huutembea asubuhi na fimbo, akiichoma ardhini kila baada ya hatua kadhaa. Siku hizi kwao fimbo hiyo ina kipimo cha kielektroniki, na tarakimu zake hutangazwa kabla ya mbio. Taabu yote hiyo ni kwa sababu farasi hawakimbii namna moja. Kuna anayeinua magoti juu kama anayepanda ngazi, huyo tope halimsumbui sana. Kuna anayefyeka nyasi kwa kwato, mguu ukipita chini kwa chini. Huyo ardhi ikilegea anachoka kabla ya kona ya mwisho. Na kwa kuwa katika mbio nyingi farasi bora hubebeshwa uzani zaidi ili wenzake wapate nafasi, tope huifanya kila kilo ya ziada iwe mbili.

Kwa mwenye dau, jambo hili lina uzito wa pekee. Katika beti za chungu cha pamoja, fedha za watu wote hutiwa mahali pamoja: mwenye kuendesha hukata fungu lake kwanza, zinazobaki wanagawana waliopatia. Kwa hiyo unashindana na wabashiri wenzako, na kujua kitu ambacho kila mmoja anakijua hakukuongezei chochote. Ubora wa farasi kila mtu anausoma kwenye kijitabu cha mbio. Hali ya ardhi saa nane mchana haijaandikwa popote. Hapo ndipo maskini mwenye macho alipoweza kumzidi tajiri mwenye kijitabu, angalau mara mojamoja, na nadhani ndiyo maana wazee wa jukwaa la bei rahisi pale Ngong hutembea hadi uani, wanakotembezwa farasi, na kupima kabla ya kupanga foleni.

Hapa naomba nikae kidogo kwenye nyasi zenyewe, maana zina hadithi ambayo watu wa Kikuyu na Dagoretti wangepaswa kujivunia kuliko wanavyofanya. Kuna nyasi ngumu, zinazotambaa, zenye mizizi inayofumana kama mkeka, zinazoota bila kupandwa kandokando ya barabara zote za nyanda za juu. Dunia nzima inaziita kikuyu. Zilichukuliwa kutoka Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne iliyopita, na leo Turffontein ya Johannesburg na Randwick ya Sydney huzitumia. Wasimamizi wa viwanja wanazipenda kwa sababu zikikatwa na kwato zinaziba pengo zenyewe, na mfumo wake wa vikonyo unamfanyia farasi godoro. Zulia bora la mbio, basi, lilitoka huku kwetu, ambako mbuzi wanalila.

Zulia la pili lilitoka kiwandani. Tarehe 30 Oktoba 1989, Lingfield, kusini mwa London, Waingereza walikimbiza farasi kwa mara ya kwanza kwenye uwanja wa kutengenezwa. Sababu haikuwa huruma kwa wanyama. Kila majira ya baridi theluji na ardhi iliyoganda vilikuwa vikifuta mbio, na maduka ya kubeti, ambayo hayajui majira, yalikuwa yanakaa na wateja bila cha kuwauzia. Walihitaji mbio zisizofutwa. Mchanga wa kwanza ulipakwa mafuta. Baadaye ukaja wa kuchanganywa na nyuzi. Kisha mwaka 2001, hapohapo Lingfield, ikaja Polytrack ya Martin Collins: mchanga laini, nyuzi, vipande vya mpira, vyote vikiwa vimevishwa nta. Maji ya mvua hupita chini kwenye mawe na mifereji, juu pakabaki kama palivyokuwa. Mshindani wake mkubwa, Tapeta, aliibuni Michael Dickinson, mkufunzi ambaye mwaka 1983 farasi wake walishika nafasi zote tano za mwanzo katika Cheltenham Gold Cup. Jina lenyewe linatokana na Kilatini, na maana yake ni zulia.

Wabashiri wa Kiingereza waliupokea uwanja wa nta kwa dharau. Waliziita mbio za farasi wa kupoteza muda, na kwa kweli wengi waliokuwa wakikimbia pale walikuwa wa daraja la chini. Lakini polepole wakatokea watu waliogundua faida. Farasi walewale wanarudi kwenye uwanja uleule, wiki baada ya wiki, chini pakiwa vilevile au karibu na vilevile. Muda wa leo unaweza kulinganishwa na wa mwezi jana. Unaweza kuhesabu ni geti lipi la kuanzia linabebwa na kona, na nani hukimbia vizuri akiwa nyuma. Elimu ya fimbo na kisigino ilikufa, ikazaliwa elimu ya daftari na kompyuta. Viwanja vya Wolverhampton, Kempton, Newcastle, Chelmsford, Dundalk ya Ireland, vyote vikafuata. Southwell, uliokuwa na mchanga wa nyuzi tangu 1989, ukabadilishwa kuwa Tapeta mwaka 2021.

Nta hiyohiyo ilipovuka bahari ya Atlantiki ilikutana na kisa kingine kabisa.

Marekani mbio kubwa hazikimbiwi kwenye nyasi. Zinakimbiwa kwenye udongo, na udongo una mila yake: farasi anatoka getini kama risasi, anashika mbele, anawarushia wenzake mchanga usoni, na mara nyingi hawamfikii tena. Juu ya udongo huo ilijengwa elimu nzima ya kubeti. Andrew Beyer, mwandishi wa habari za mbio, alitunga namba za kasi zinazoruhusu kumlinganisha farasi wa New York na wa California kwa kuondoa athari ya uwanja wa siku ile. Tangu mwaka 1992 namba hizo zimekuwa zikichapishwa katika *Daily Racing Form*, na kizazi kizima cha wabashiri kimezisoma kama mkulima anavyosoma mawingu.

Mwaka 2006 bodi ya mbio ya California iliamuru viwanja vikubwa vya jimbo hilo viondoe udongo na kutandaza nta kabla ya mwisho wa 2007. Mwaka huohuo Keeneland, Kentucky, kitovu cha ufugaji wa farasi wa mbio, ikatandaza Polytrack. Uwanja wa zamani wa Keeneland ulijulikana: aliyeshika mbele kando ya uzio aliondoka na zawadi. Kila mbashiri alilijua hilo na alilitumia. Kulipokuja Polytrack, siri hiyo ikawa takataka siku moja.

Tazama mbio za Blue Grass za Aprili 2007. Farasi walikwenda polepole kama wanaoogopa kuharibu viatu, kisha wote wakakimbia kwa pamoja mwishoni; wanne wakavuka mstari wakiwa karibu kugusana pua, na Dominican akamshinda Street Sense kwa pua. Wiki tatu baadaye, kwenye udongo wa Kentucky Derby, Street Sense alishinda, na Dominican hakuonekana karibu na walio mbele. Sasa mweke mbashiri katikati ya mbio hizo mbili. Karatasi inamwambia farasi A amemshinda B. Je, aiamini? Au aseme zile hazikuwa mbio za kweli? Wengi walichagua jibu la pili, na nadhani hasira yao ilianzia hapo. Karatasi waliyoilipia ilikuwa imeanza kusema uongo.

Oktoba 2008 ikaongeza chumvi kwenye kidonda. Mashindano ya Breeders' Cup yalifanyika Santa Anita, karibu na Los Angeles, kwenye uwanja wa nta. Curlin, bingwa wa Marekani aliyekuwa ameshinda Dubai World Cup kwenye udongo mwezi Machi, ndiye aliyepigiwa upatu katika mbio za Classic. Alimaliza wa nne. Mshindi alikuwa Raven's Pass, aliyefunzwa Uingereza na John Gosden na kuzoea nyasi. Wa pili Henrythenavigator, naye wa nyasi za Ireland. Waliokuwa wamemweka Curlin kwenye kila mkeka wao wa beti waliuliza, kwa haki kabisa, kwa nini wacheze kwenye uwanja unaowapendelea wageni.

Na hata ahadi yenyewe, ile ya uwanja usiobadilika, haikutimia. Nta huyeyuka. Asubuhi yenye baridi uwanja hushikana. Jua la mchana la California likiupiga hulegea, na mazoezi ya alfajiri hayasemi lolote kuhusu mbio za alasiri. Kule kwenye uwanja wa Del Mar wakufunzi walilalamika hivyo tangu msimu wa kwanza. Santa Anita nayo ikapata aibu kubwa zaidi: mapema 2008 mvua ilinyesha, maji yakakataa kupita, na uwanja uliojengwa ili mbio zisifutwe ukafuta siku kadhaa za mbio. Ilirudisha udongo mwishoni mwa 2010. Keeneland ikafuata 2014, Del Mar 2015.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wabashiri hawakupenda kulisikia. Jockey Club ya Marekani imekuwa ikikusanya takwimu za farasi wanaokufa mbioni tangu 2009, na viwanja vya nta vimeonyesha vifo vichache kuliko vya udongo, tena kwa tofauti kubwa. Katika takwimu za 2021 vilikuwa chini ya kimoja kwa kila mara 1,000 farasi walipoingia mbioni, ilhali kwenye udongo vilikuwa kama kimoja na nusu. Na Santa Anita, baada ya kurudisha udongo wake, ilipata msimu wa mvua wa 2018 na 2019 ambamo farasi 30 walikufa. Mbashiri alirudishiwa namba zake za kasi. Bei ililipwa na asiyekuwa na mkeka.

Kwa nini basi uwanja wa nta uliishi Uingereza na ukang'olewa Marekani? Jibu langu ni kwamba Waingereza waliongezewa na Wamarekani walinyang'anywa. Nyasi za Epsom na Newmarket hazikuguswa; nta ilikuja kujaza usiku wa Januari ambao haukuwa na kitu. Marekani nta iliingia mahali pa udongo, ikakaa juu ya elimu ya watu. Hakuna anayechukia chumba cha uani kikijengwa. Chuki inaanza wanapobomoa sebule. Huko nako ilipobaki, imebaki mahali ambapo haikumnyang'anya mtu kitu cha thamani, kama Turfway Park, ambako Kentucky hukimbiza farasi majira ya baridi.

Mila ya tatu, ya nchi za Kiislamu, inawahusu watu wa mwambao wetu kuliko hizo mbili. Mwaka 2010 Dubai ilifungua uwanja wa Meydan, na Dubai World Cup, mbio zilizokuwa na zawadi kubwa kuliko zote duniani, zikakimbiwa kwenye Tapeta. Mara ya kwanza alishinda Gloria de Campeao, mzaliwa wa Brazil. Mwaka uliofuata Victoire Pisa wa Japani, siku chache baada ya tetemeko na mawimbi yaliyoiangamiza pwani ya nchi yake. Watu walilia uwanjani. Kisha, mwaka 2015, mbio hizo zikarudi kwenye udongo, kwa kuwa wenye farasi wa Kimarekani walikuwa wamepunguza kuja. Kilichonivutia ni kwamba jukwaani Meydan hakukuwa na dirisha la kubeti. Watu hujaza karatasi ya bure ya kukisia washindi, na anayepatia hupewa zawadi. Kwa hiyo mjadala wa nta na udongo ulifanyika pale bila sauti ya mbashiri wa jukwaani. Waliozungumza ni wenye farasi, wakufunzi na wafugaji, na bado walifika palepale walipofika Wamarekani. Hilo limenipunguzia imani kwamba kila kitu katika mbio kinaendeshwa na dau.

Wanazuoni wa fikihi waliifikiria mipaka hii karne nyingi kabla ya Lingfield. Hadithi mashuhuri inaruhusu zawadi ya mashindano katika ngamia, farasi na kulenga mishale, na Bukhari amepokea kwamba Mtume aliandaa mbio za farasi Madina kwa masafa mawili: waliotayarishwa kwa kukondeshwa walianzia Hafyaa, mbali, ambao hawakutayarishwa walipewa masafa mafupi hadi msikiti wa Bani Zurayq. Ukitafakari, hapo kuna usawazishaji wa uwezo, jambo lilelile ambalo Waingereza hulifanya kwa uzani. Wengi wao wakasema zawadi ikitolewa na mtu wa nje, kama mtawala, hakuna tatizo. Ikitolewa na washindani wote wawili, inaingia kwenye kamari, labda aingie wa tatu asiyeweka kitu. Mtazamaji wa jukwaani hawakumpa nafasi kabisa. Alikuwa wa kutazama.

Oman wamekwenda mbali zaidi. Katika ardha ya farasi na ngamia, sanaa iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2018, wapanda farasi huonyesha ustadi wao, wengine wakisimama juu ya mgongo wa farasi akienda shoti, na umati hushangilia ustadi. Mshindi wa kumwekea dau hayupo. Lamu nayo, siku za Maulidi, punda hukimbia ufukweni, na wanaowapanda ni vijana haohao wanaowapakia mchanga na mawe siku za kazi. Nani atamuuliza kijana wa Lamu hali ya uwanja? Anaijua kwa sababu jana alipita hapo na mzigo. Ndiyo elimu ya kisigino ya saisi wa Ngong, ila huku haiuziki, haina wa kuinunua.

Barani kwetu nta imefika. Durban, Afrika Kusini, uwanja wa Greyville ulipata Polytrack mwaka 2014, ikakaa pamoja na njia yake ya nyasi, na katikati yake, kama Ngong, kuna gofu. Gqeberha, nchini humohumo, pia wanayo. Je, Ngong itafuata? Sidhani. Zulia la namna hiyo linalipwa na maduka yanayohitaji mbio kila siku, na maduka ya Nairobi hayaihitaji Ngong. Sheria ya kubeti ya Kenya ya mwaka 1966 iliandikwa na watu ambao walipotaja beti waliwaza farasi na chungu cha pamoja. Kisha ikaja M-Pesa mwaka 2007, SportPesa mwaka 2014, na beti ikahamia kwenye simu na kandanda. Mwaka 2025 imetungwa sheria mpya, nayo imekuta farasi wamekwisha kuwa mchoro.

Na mchoro ule si uzushi mdogo. Farasi wa skrini anashinda kwa namba inayochaguliwa kwa bahati na programu. Odi zake, yaani viwango vya malipo, zimepangwa ili, mwisho wa siku, duka libaki na fungu lake. Hakuna mvua ya Karen, hakuna kisigino, hakuna daftari la nani hukimbia vizuri akiwa nyuma. Mbashiri wa Kentucky aliyepigana kuurudisha udongo alikuwa anatetea haki yake ya kujua kitu. Najua alikuwa akiitetea juu ya mifupa ya farasi, na nikilazimishwa kuchagua kati yake na farasi nitamchagua farasi. Lakini angalau alikuwa na cha kutetea. Kijana wa nambari nne, akikesha miaka kumi mbele ya skrini ile, hatakuwa na ujuzi wowote zaidi ya alionao leo. Uwanja usiobadilika hatimaye umepatikana, na umepatikana mjini kwetu, orofa ya kwanza, kwa dau la shilingi hamsini.

Nirudi Ngong. Farasi mwekundu alikimbia mbio za tatu. Kwa kuwa nilikuwa na siri ya saisi, nilimwacha, nikaweka mia mbili kwa mwingine mwenye magoti ya juu niliyemchagua uani kwa macho yangu. Mwekundu alimaliza wa tano kati ya saba. Wangu alimaliza wa sita.

Jioni, watu wakielekea kwenye magari na steji, vibarua waliingia uwanjani na uma za chuma, wakainua mabonge ya nyasi yaliyong'olewa na kuyakandamiza mahali pake. Nilimwona saisi yule akitembea peke yake karibu na mahali pa kumalizia, kichwa chini. Nikamwendea kumpa pole, na pia, nakiri, kumsifu kwa kuusoma uwanja vizuri vile.

Hakuniangalia. Alikuwa amesimama juu ya alama ya kwato iliyozama kwenye nyasi, akaigusa kwa kidole ukingoni, upande mmoja ambako misumari ilikuwa imeacha alama mbili badala ya tatu.

"Huyu ni wangu," akasema. "Kiatu cha nyuma kimelegea. Nilidhani ni maji."